Upande wa Ndani wa Marinda: Vazi la Jadi la Uskoti Katika Minada ya Mtandaoni

Katika mavazi ya jadi ya Ulaya ambayo bado yanavaliwa, ni machache yanayoficha ubora wake kama kilti, yaani vazi la sufu lenye marinda ambalo wanaume wa Uskoti hulizungusha kiunoni na kulishusha hadi usawa wa goti. Anayelitazama kwa mbele huona mirabaraba ya rangi na kipande kimoja bapa kisicho na rinda lolote, ambacho mafundi hukiita aproni. Sehemu kubwa ya kitambaa, ya kazi ya mkono na ya gharama iko nyuma na ndani, mahali ambapo picha za wauzaji hazifiki. Mnada wa mtandaoni, kwa upande wake, ni soko linaloishi kwa picha, na washindani hupandisha dau kwa kufuata kile walichokiona. Ndiyo maana katika minada hiyo kilti mbili zenye rangi zinazofanana, moja iliyomchukua fundi siku kadhaa kuishona kwa mkono na nyingine iliyopitishwa haraka kwenye cherehani, huweza kuuzwa kwa bei zinazokaribiana, na pengine ile duni ikaipita ile bora kwa sababu tu ilipigwa picha penye mwanga mzuri.

Hali hiyo inafanana, lakini hailingani kabisa, na ile aliyoieleza mwanauchumi Mmarekani George Akerlof mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika. Akerlof, ambaye kazi hiyo ilimfanya awe miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001, alionyesha kwamba pale muuzaji anapoijua hali ya bidhaa na mnunuzi asipoijua, mnunuzi hujilinda kwa kutoa bei ya wastani, na bei hiyo huwafukuza sokoni wenye bidhaa nzuri. Katika soko la kilti zilizotumika, hata hivyo, mara nyingi muuzaji naye hajui anachouza. Vazi limetoka kabatini mwa marehemu aliyehamia Nova Scotia nchini Kanada au Dunedin nchini New Zealand ujanani mwake, au limetoka kwa kundi la wapiga zumari lililobadilisha sare, au limeokotwa katika duka la hisani, na anayelitangaza ni mrithi au mchuuzi ambaye kwake hiyo ni sketi nzito tu yenye mirabaraba. Pale ambapo pande zote mbili zimekosa maarifa, mwenye maarifa kidogo tu hupata nafasi kubwa, na inafaa kusema wazi kwamba nafasi hiyo haipatikani kwa bahati wala kwa kukesha mbele ya kompyuta, kwani msingi wake ni kujua vazi lenyewe limejengwaje.

Kwanza ni vyema kufahamu ni vitu gani vinaweza kuwepo sokoni. Vazi la asili la nyanda za juu za Uskoti, linalotajwa tangu mwishoni mwa karne ya 16, lilikuwa guo kubwa lililokunjwa marinda kwa mkono na kufungwa kwa mkanda, huku sehemu yake ya juu ikitupwa begani. Kilti fupi ya kuanzia kiunoni ilienea katika karne ya 18. Baada ya uasi wa mwaka 1745 na kushindwa kwa wafuasi wa nasaba ya Stuart huko Culloden mwaka 1746, Bunge la Uingereza liliwapiga marufuku wanaume na wavulana katika Uskoti kuvaa mavazi ya nyanda za juu, isipokuwa waliokuwa jeshini, na katazo hilo liliondolewa mwaka 1782. Ziara ya Mfalme George wa Nne mjini Edinburgh mwaka 1822, iliyoandaliwa na mwandishi Walter Scott, ilibadilisha vazi lililokuwa limefungiwa likawa vazi la heshima la taifa zima, na mapenzi ya Malkia Victoria kwa nyanda hizo yakalifikisha kwa matajiri wa Kiingereza. Kwa mnunuzi wa leo historia hii ina maana moja ya moja kwa moja, nayo ni kwamba karibu kila kilti inayoonekana mnadani imeshonwa baada ya ziara hiyo, na nyingi mno ni za karne ya 20. Tangazo linalodai kuwa vazi lilikuwepo Culloden lahitaji hati zenye uzito, kwa kuwa mabaki ya kweli ya zama hizo ni haba na mengi yamehifadhiwa katika makumbusho.

Ujenzi wa kilti huanza na kitambaa. Kilti ya jadi hutengenezwa kwa sufu ambayo nyuzi zake ndefu huchanwa mpaka zikalala sambamba, kisha husokotwa kuwa uzi laini na imara unaoshika mkunjo wa rinda kwa miaka mingi; hii ni tofauti na sufu yenye vinyweleo inayotumika katika blanketi na makoti. Mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana wa kitambaa, hupita juu ya nyuzi mbili za mtande na chini ya mbili zinazofuata, na katika kila mstari hatua hiyo husogea kwa uzi mmoja, hivyo picha ya karibu lazima ionyeshe vistari vidogo vya mshazari. Kwa kuwa rangi zimefumwa ndani ya nyuzi zenyewe, upande wa nyuma huonekana sawasawa na wa mbele. Kitambaa ambacho upande wake wa ndani umefifia kimepigwa chapa ya rangi, na hakina nafasi katika mjadala huu. Uzito wa kitambaa hupimwa bado kwa aunsi kwa yadi: aunsi 10 au 11 ni chepesi, aunsi 13 ni cha kati, aunsi 16, ambazo ni takriban gramu 450, ni kizito na ndicho kinachopendwa na wengi wanaojua, na vitambaa vya kijeshi huweza kupita hapo.

Dalili ya pili iko chini kabisa, kwenye ukingo unaogusa magoti. Kitambaa cha kilti hufumwa kikiwa na ukingo imara usiofumuka, na fundi huuacha ukingo huo kama ulivyo, bila kuukunja wala kuupiga upindo, kwa sababu upindo katika marinda yaliyolaliana ungeleta unene na kuyafanya yasitulie. Kwa hiyo picha moja ya ukingo wa chini, ikipigwa kwa karibu, husema mengi kuliko picha tano za aproni: ukiwepo upindo ulioshonwa kwa cherehani, basi ama ni sketi ya kike ya marinda, ambazo wauzaji wengi huzitangaza kwa jina lilelile, ama ni vazi la bei nafuu lililotengenezwa kwa ajili ya watalii na sherehe za siku moja.

Kisha huja wingi wa kitambaa, na hapa hesabu kidogo ni ya lazima. Kilti kamili ya mwanamume hutumia takriban yadi 8, sawa na mita 7.3, za kitambaa cha upana mmoja wa kama sentimita 70 hadi 75. Siku hizi fundi hununua yadi 4 za kitambaa chenye upana maradufu, akakikata katikati kwa urefu, akaviunga vipande viwili na kukificha kiungo ndani ya rinda. Kila rinda humeza kitambaa kingi kinachorudi nyuma yake, na kinachobaki wazi ni ukanda mwembamba tu. Tuseme rinda moja linachukua sentimita 20, na marinda ni 27: hayo peke yake yamemeza mita 5.4, na ukijumlisha aproni mbili, ya juu na ya chini, zenye sentimita 65 kila moja, pamoja na mikunjo mikubwa iliyofichwa kando ya aproni hizo, jumla inafika mita 7 na kidogo. Muuzaji asiyejua lolote kuhusu Uskoti anaweza kuhesabu marinda na kupima kina cha rinda moja kwa utepe, kisha mnunuzi akafanya hesabu hiyo nyumbani kwake. Vazi lenye marinda 15 yasiyo na kina haliwezi kuwa la yadi 8, hata kama tangazo limeandika hivyo kwa herufi kubwa.

Ipo njia nyingine iliyo rahisi zaidi, ambayo wanunuzi wengi hawaitumii ingawa muuzaji yeyote anaweza kuitekeleza bila kusumbuka, nayo ni kuuliza uzito wa vazi. Anayetuma kifurushi hulazimika kukipima ili ajue gharama ya posta, na uzito huo ukifika kwa mnunuzi unageuka kuwa ushahidi. Yadi 4 za upana maradufu za kitambaa cha aunsi 16 zina uzito wa takriban kilo 1.8, na za aunsi 13 ni karibu kilo 1.5. Fundi hupunguza kitambaa kidogo ndani na kuongeza bitana na mikanda, lakini jibu haliwezi kuwa mbali sana na hapo. Kilti ya mtu mzima inayodaiwa kuwa ya yadi 8 za sufu nzito huku mizani ikisoma gramu 900 ama ina kitambaa pungufu, ama kitambaa chake si kile kilichotajwa.

Sehemu ya nyuma iliyoshonwa, kuanzia kiunoni hadi nyongani, ndiyo inayomtenganisha fundi stadi na wengine. Marinda hayo yanapaswa kupungua upana kidogo kidogo kadiri yanavyopanda kutoka nyonga kwenda kiuno, na kila moja hushonwa juu ya jirani yake kwa mishono midogo ya mkono ambayo uzi wake hubadilishwa rangi kulingana na mstari unaopitiwa. Mistari ya kulala lazima ikutane sawasawa kutoka rinda moja hadi jingine. Ikipanda na kushuka kama ngazi, kazi imefanywa kwa pupa. Zipo namna mbili kuu za kupanga. Tartani, yaani mpangilio wa mistari ya rangi inayokatana, hujirudia baada ya kipimo fulani, na mrudio mmoja kamili huitwa seti. Katika kupanga kwa seti, kila rinda humeza mrudio mmoja, hivyo mgongo wa vazi huonyesha mirabaraba ileile ya mbele. Katika kupanga kwa mstari, ambao ni mtindo wa vikosi vingi vya jeshi, mstari mmoja uliochaguliwa huwekwa katikati ya kila rinda, na nyuma hubadilika rangi kabisa, kisha marinda yanapofunguka mtu akitembea, rangi zilizofichwa hujitokeza. Namna zote mbili ni za heshima. Kisichokubalika ni marinda yaliyokunjwa ovyo pasipo kufuata seti wala mstari, jambo linaloonekana mara moja picha ikipigwa kwa nyuma, lakini ambalo tangazo lenye picha ya mbele pekee hulificha.

Ndani ya vazi, chini ya bitana ya pamba, fundi stadi hukata sehemu ya kitambaa cha ziada katika eneo lililoshonwa ili kiuno kisivimbe, kisha hushikilia kingo zilizokatwa kwa safu ya mishono ya mkono na kuweka juu yake kitambaa kigumu cha kanvasi kinachobeba uzito wote, ili nguvu ya mikanda isiyavute marinda. Pasipokuwa na kanvasi, kiuno hulegea na marinda hufunguka yenyewe baada ya muda. Wanunuzi wa mitumba katika masoko ya Gikomba jijini Nairobi na Mchikichini jijini Dar es Salaam hugeuza nguo nje-ndani kabla ya kutaja bei, na mnunuzi wa kilti mtandaoni anapaswa kumwomba muuzaji afanye vivyo hivyo kwa niaba yake: picha ya ndani ikiwa imetandazwa mezani, picha ya sehemu iliyoshonwa nyuma, picha ya ukingo wa chini, na picha ya vazi likiwa limeinuliwa mbele ya dirisha. Picha ya mwisho ni kwa ajili ya nondo, wadudu ambao funza wao hula sufu na kuacha matundu madogo yasiyoonekana kitambaa kikiwa kimelazwa, lakini ambayo mwanga huyafichua papo hapo. Muuzaji anayekataa kupiga picha hizo nne amekwisha kutoa jibu lake.

Baada ya ujenzi huja vipimo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kilti huvaliwa juu zaidi ya suruali za siku hizi, kiuno chake kikikaa usawa wa kitovu au juu kidogo, hivyo mtu anayetumia kipimo cha suruali zake hupata vazi lisilomkaa. Vipimo vitatu vinahitajika: kiuno hicho cha kitovuni, nyonga katika sehemu yake pana, na urefu kutoka kiunoni hadi katikati ya goti. Umuhimu wake haulingani. Kiuno kinaweza kurekebishwa kwa kusogeza mikanda midogo ya ngozi na mabizimu yake, ambayo kwa kawaida ni mitatu, miwili upande wa kulia na mmoja upande wa kushoto, na fundi huifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Nyonga ikibana, marinda hupanuka na umbo lote huharibika. Urefu hauna dawa, maana vazi lisilo na upindo halina kitambaa cha kushusha. Mnunuzi mwenye busara huanza kwa urefu, kisha nyonga, na kiuno hukiweka mwisho, wakati matangazo mengi hutaja kiuno peke yake.

Jambo linalopandisha bei kuliko yote yaliyotajwa, na ambalo kwa maoni ya makala hii halistahili uzito huo, ni jina la ukoo. Kilti ya tartani yenye jina linalojulikana huvutia kila mwenye jina hilo kutoka Kanada hadi Australia, na bei hupaa bila kujali mshono. Uhusiano kati ya ukoo na tartani moja mahususi, hata hivyo, si wa kale kama unavyodhaniwa. Ni mwaka 1815 ndipo Jumuiya ya Highland ya London ilipowaomba wakuu wa koo wapeleke vipande vya tartani zao vikiwa na uthibitisho, na baadhi yao ilibidi waulizie tartani hiyo ni ipi. Kampuni ya Wilson ya Bannockburn, iliyokuwa mfumaji mkubwa wa tartani wa enzi hizo na ambayo kitabu chake cha mifumo cha mwaka 1819 kimehifadhiwa, iliuza mifumo mingi kwa namba au kwa majina ya miji kabla ya kuipa majina ya koo. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart walichapisha kitabu cha tartani walichodai kimetokana na hati ya kale, na ingawa wataalamu wanakubaliana kwamba hati hiyo ilikuwa ya kughushi, tartani kadhaa zilizomo bado zinavaliwa kwa fahari. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuvaa tartani ya ukoo usio wake, ukiacha chache zilizotengwa kwa desturi, kama ile ya Balmoral ya familia ya kifalme. Rejesta ya Tartani ya Uskoti, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kufunguliwa mwaka 2009 chini ya hifadhi ya kumbukumbu za taifa mjini Edinburgh, inapatikana mtandaoni kwa yeyote anayetaka kutambua mfumo alioukuta kwenye tangazo.

Kutokana na hayo, asiyefungwa na jina hununua vizuri zaidi. Kilti bora kabisa mara nyingi hupatikana katika matangazo ambayo muuzaji hakuitambua tartani, akaandika tu kuwa ni sketi ya sufu nyekundu yenye mirabaraba, au amelikosea jina la ukoo kwa herufi moja, jambo linaloifanya mashine ya utafutaji isiwaonyeshe wale wanaotafuta kwa jina sahihi. Neno jingine la kutazamwa ni lile la rangi za kale, kwani katika biashara ya tartani rangi za kale ni vivuli vyepesi vinavyoiga rangi za mimea, rangi za kisasa ni zile nzito na zilizokolea, na kitambaa cha rangi za kale chaweza kuwa kimefumwa mwaka uliopita.

Kilti za jeshi ni sura ya pekee. Hufumwa kwa sufu nzito, huvumilia miongo mingi, na baadhi hubeba muhuri wa mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Vikosi vilivyozivaa, miongoni mwao Black Watch na Gordon Highlanders, vilipunguzwa na kuunganishwa hatua kwa hatua hadi vilivyosalia vikawa Kikosi cha Kifalme cha Uskoti mwaka 2006. Wakusanyaji wa vitu vya vita hulipia historia, hivyo anayetaka vazi la kuvaa hushauriwa kutafuta zile zisizo na jina la askari wala hadithi.

Kuhusu vikolezo, maelezo machache yanatosha. Koti la kuvaliwa na kilti hukatwa fupi kuliko koti la kawaida ili lisifunike mkoba. Mkoba huo, uitwao sporani, huning'inia mbele, na ule wa sherehe huwa na kichwa cha madini: kilichopigwa muhuri wa ngome yenye minara mitatu kimepimwa Edinburgh, na kikiwa pia na ua la mbaruti, ambalo ni nembo ya Uskoti, kimepimwa kati ya mwaka 1759 na katikati ya miaka ya 1970; herufi EPNS, kwa upande wake, humaanisha aloi ya nikeli iliyopakwa fedha juu tu. Sporani za ngozi ya sili zahitaji tahadhari, kwa kuwa Marekani imezuia kuingizwa kwa bidhaa za mnyama huyo tangu sheria ya mwaka 1972 na Umoja wa Ulaya ukapitisha katazo lake mwaka 2009, na misamaha iliyopo ni finyu. Kitambaa cha makoti ya mchana kinachoitwa Harris Tweed kina ulinzi wake wa kisheria: kwa sheria ya mwaka 1993, lazima kiwe cha sufu safi iliyotiwa rangi na kusokotwa katika visiwa vya Outer Hebrides na kufumwa na wenyeji majumbani mwao humohumo, na lebo yake huwa na nembo ya tufe lenye msalaba juu.

Mnada wenyewe una kanuni ambayo washiriki wengi huishiriki bila kuielewa. Katika eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, mshiriki huandika kiwango cha juu kabisa anachokubali kulipa, na mfumo humpandishia dau kidogo kidogo kwa siri kadiri wengine wanavyojitokeza. Aliyeandika pauni 120, ikiwa mshindani wake wa karibu aliandika 85, atalipa 85 na nyongeza ndogo tu. Wazo la mshindi kulipa bei ya anayemfuata lilichambuliwa na William Vickrey katika makala yake ya mwaka 1961, na hitimisho lake ni kwamba mtu hufanya vyema anapoandika thamani yake halisi mara moja. Hata hivyo Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2002, waligundua kwamba katika eBay wengi husubiri sekunde za mwisho, ilhali katika minada ya Amazon ya wakati huo, ambayo ilijiongeza muda kila dau lilipokuja dakika za mwisho, tabia hiyo ilikuwa ndogo. La maana zaidi kwa somo hili ni kwamba kusubiri huko kulionekana zaidi katika vitu vya kale kuliko katika kompyuta. Mjuzi anapoweka dau mapema katika kilti isiyo na jina, dau lake lenyewe huwaambia wengine kwamba hapo pana kitu. Akikaa kimya mpaka mwisho, maarifa yake hubaki yake.

Katika nyumba za mnada za jadi zinazopokea dau kwa mtandao, kama Lyon & Turnbull ya Edinburgh iliyoanza mwaka 1826, hali ni tofauti. Wataalamu wamekwisha kulichunguza vazi, picha ni nzuri, na ripoti ya hali yake hutolewa kwa anayeiomba, lakini juu ya bei ya nyundo huongezwa ada ya mnunuzi ambayo mara nyingi hupita asilimia 20, pamoja na kodi. Anayeweka kikomo chake lazima aitoe ada hiyo, posta na ushuru wa forodha kabla ya kuandika namba yoyote.

Kifurushi kikifika, ukaguzi unapaswa kufanywa siku hiyohiyo, kwa kuwa muda wa kurudisha ni mfupi. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2013 humpa mlaji siku 14 za kughairi ununuzi wa mbali uliofanywa kwa mfanyabiashara, ila hazimhusu anayenunua kwa mtu binafsi. Uzi mmoja ukichomolewa kutoka shada la ukingo wa aproni na kuwashwa, sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, wakati nyuzi za plastiki huyeyuka na kuganda kuwa tone gumu jeusi. Kabla vazi halijawekwa karibu na nguo nyingine za sufu, hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukaa kwenye friza, katika nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili, ili mayai na funza wa nondo wafe. Marinda yaliyolegea hayapigwi pasi moja kwa moja: kila rinda hupigwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka nyongani hadi ukingoni, kisha pasi hukandamizwa juu ya kitambaa chenye unyevu bila kuburutwa, na bandi hizo hufumuliwa pale tu sufu inapokuwa imepoa na kukauka.